Mtakatifu Thomas More: baba aliyefunga geti nyuma yake



Tarehe 22 Juni Kanisa linawakumbuka watakatifu wawili kwa pamoja, Askofu John Fisher na Thomas More, wote wa Uingereza, wote walikatwa vichwa mwaka 1535. More wengi wetu tunamjua juu juu tu: yule mwanasheria aliyegombana na mfalme kwa sababu ya ndoa. Ni kweli, lakini kuna upande mmoja wa maisha yake ambao huwa tunaupita haraka, nao ni nyumba yake. Alikuwa na mke, watoto, wakwe, mtoto wa kulea, wajukuu. Alipoamua alichoamua, wote waliguswa, na si wote waliomwelewa. Basi leo tumtazame akiwa baba wa familia.

Alizaliwa London mwezi Februari 1478, mtaa wa Milk Street. Baba yake, John More, alikuwa mwanasheria na baadaye akawa jaji. Akiwa na miaka kama 12 hivi alipelekwa kwenye nyumba ya John Morton, Askofu Mkuu wa Canterbury, kuhudumu mezani na kujifunza adabu za watu wakubwa. Ndivyo watoto wa familia nzuri walivyolelewa wakati ule. Kila Krismasi kulikuwa na maigizo, na huyu mtoto alikuwa na tabia ya kujitosa katikati ya waigizaji na kujitungia sehemu yake papo hapo, watu wakacheka kuliko walivyowachekea waigizaji wenyewe. Askofu mkuu akawa anawaambia wageni wake kwamba atakayeishi ataona, mtoto huyu atakuja kuwa mtu wa ajabu. Akampeleka Oxford. Huko mzee John alimbana kwelikweli kwenye hela, hata viatu ilikuwa shida, kisha baada ya kama miaka miwili akamrudisha London asome sheria kama yeye.

Sasa hapa ndipo wengi wenu mtajiona. Kijana Thomas alikuwa hajui aitwe wapi. Alisoma sheria kwa kumtii baba, lakini moyo ulikuwa kwingine. Kwa kama miaka minne aliishi karibu na wamonaki Wakartusi wa London, akisali nao, akifunga, akivaa shati la singa linalokwaruza mwili, huku mchana anaendelea na kazi ya sheria. Alitaka kuwa mmonaki? Alifikiria, tena kwa uzito. Mwishoni aliona kwamba wito wake ni ndoa. Lakini lile shati hakulivua. Aliendelea kulivaa chini ya nguo zake nzuri za ofisini mpaka mwisho wa maisha yake, na nyumbani aliyelijua vizuri ni binti yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akilifua.

Ndoa yenyewe ilianza kwa namna ya pekee. Alikuwa anaitembelea familia ya Colt kule Essex, yenye mabinti kadhaa. Mkwe wake William Roper, ambaye ndiye aliyetuandikia mengi ya habari hizi, anasema moyo wa Thomas ulimpenda zaidi binti wa pili. Lakini akafikiria itakavyokuwa aibu kwa dada mkubwa, mdogo wake akiposwa kabla yake. Akamwoa mkubwa, Jane, mwaka 1505. Mimi sijui kama ningemshauri mtu afanye hivyo leo! Lakini walipendana, na wakapata watoto wanne: Margaret, Elizabeth, Cecily na John. Mwaka 1511 Jane akafariki, bado msichana kabisa, akamwacha mume na watoto wadogo wanne, mkubwa hajafika hata miaka sita.

Mwezi mmoja hivi baadaye Thomas akaoa tena. Watu walisema, na hata rafiki zake walishangaa. Alimwoa Alice Middleton, mjane aliyemzidi umri, mwenye binti yake. Alice hakuwa mwanamke wa vitabu. Alikuwa mama wa nyumba anayejua bei za vitu, mkali kwa watumishi, mwepesi wa kusema lililo moyoni. Yeye mwenyewe hakupata mtoto na Thomas, ila wale wanne aliwalea kama wa tumbo lake. Juu yao wakaongezeka wengine, kama Margaret Giggs, mtoto wa kulea aliyekua pamoja na Margaret kama pacha, na Anne Cresacre, yatima aliyekuja kuolewa na John. Wageni hawakukatika. Erasmus, msomi mkubwa wa Uholanzi, alikaa hapo wiki kadhaa mwaka 1509 na akaandikia humo kitabu chake cha kusifu upumbavu, ambacho jina lake la Kilatini linachezea jina la More. Walikuwepo pia ndege, nyani, na mchekeshaji wa nyumbani aliyeitwa Henry Patenson.

Katika nyumba hiyo mabinti walisoma. Leo hatuoni ajabu, lakini miaka ile msichana kusoma Kilatini na Kigiriki, falsafa na hesabu za nyota, sawasawa kabisa na kaka yake, lilikuwa jambo la kushangaza Ulaya nzima. More alishikilia kwamba akili ya mwanamke ni udongo uleule wa mwanamume, ukipandwa mbegu utazaa. Akisafiri aliwadai barua kila siku, kwa Kilatini, na wakisema hawana cha kuandika aliwaambia waandike hata kwamba hawana cha kuandika. Margaret akiwa na miaka 19 kitabu chake kilichapwa: alikuwa ametafsiri kwa Kiingereza maandishi ya Erasmus juu ya sala ya Baba Yetu. Mwaka 1521 akawa ameshaolewa na yule Roper, lakini hawakuhama. Wakwe wote walikaa palepale nyumbani kwa mzee.

Na siyo kwamba mambo yalikuwa shwari muda wote. Roper huyohuyo, akiwa bado kijana, alivutiwa sana na mafundisho ya Luther na akawa anayatangaza bila woga. Baba mkwe alibishana naye muda mrefu, wapi! Mwishoni akamwambia Margaret kwamba yeye ameacha kubishana na mumewe, sasa atamwombea tu. Roper akarudi Kanisani, na akabaki humo hadi kufa. Wakati mwingine Margaret aliugua ule ugonjwa wa jasho uliokuwa unaua watu kwa saa chache tu. Waganga walikuwa wamekata tamaa. Baba akaenda kupiga magoti kwenye kikanisa chake, akalia na kuomba, na akiwa palepale likamjia wazo la tiba moja ambayo waganga hawakuikumbuka. Wakaijaribu, binti akapona. More alisema baadaye kwamba Margaret angekufa, yeye asingejihusisha tena na mambo ya dunia.

Nje ya nyumba, ngazi alizipanda haraka. Bunge mwaka 1504, naibu sherifu wa jiji la London mwaka 1510, kitabu chake cha Utopia mwaka 1516, kisha baraza la mfalme. Mwaka 1521 mfalme akampa heshima ya naiti, ndiyo maana anaitwa Sir Thomas. Mwaka 1523 akawa Spika wa Bunge. Henry wa Nane alimpenda, akawa anamwita usiku wapande juu ya paa kuangalia nyota. Siku moja mfalme alikuja Chelsea bila taarifa, nyumba mpya ya More kando ya mto Thames, akatembea naye bustanini saa nzima mkono ukiwa shingoni mwake. Roper akafurahi mno. Baba mkwe akamtuliza: ni kweli mfalme anampenda, lakini kama kichwa chake kingeweza kumpatia ngome moja tu Ufaransa, kichwa hicho kisingekosa kwenda. Alimjua mtu wake mapema.

Mwaka 1529, wiki chache kabla hajapewa cheo kikubwa kabisa, maghala ya Chelsea yaliungua, nafaka yote ikateketea, na moto ukala pia ghala za majirani. Thomas alikuwa mbali na mfalme. Akamwandikia Alice: wamshukuru Mungu kwa aliyetoa na aliyetwaa, waende wote kanisani, na aulize kwa makini majirani maskini wamepoteza kiasi gani, awaambie wasihuzunike, kwa sababu hata kama yeye atabaki bila kijiko ndani ya nyumba, jirani hatapata hasara kwa ajali iliyotokea kwake. Barua hii huwa naifikiria kuliko vitabu vyake vyote.

Oktoba mwaka huohuo akawa Kansela Mkuu, mtu wa pili kwa mfalme. Kila asubuhi akipita ukumbi wa Westminster kwenda kwenye mahakama yake, akimkuta baba yake mzee amekaa kama jaji kwenye mahakama ya chini yake, alipiga magoti mbele ya watu wote na kuomba baraka. Wazee wetu wangempenda.

Lakini tuseme na lingine, maana mtakatifu hahitaji kupakwa chokaa. Katika miaka yake ya ukansela watu sita walichomwa moto kwa kosa la uzushi. More aliunga mkono sheria hiyo, aliwasaka waliouza vitabu vya Kiprotestanti, na aliandika dhidi ya William Tyndale kwa maneno makali mno. Aliamini uzushi utaleta damu na vurugu katika nchi. Wengi wa wakati wake, wa pande zote, waliona hivyo. Hata hivyo sisi tulioisoma mitaguso ya Kanisa juu ya uhuru wa dini hatuwezi kuyapita mambo hayo kana kwamba hayakuwepo.

Basi ikaja ile shida ya mfalme. Henry alitaka ndoa yake na Katarina wa Aragon itangazwe batili ili amwoe Anne Boleyn. Roma haikukubali. Tarehe 15 Mei 1532 maaskofu wa Uingereza wakasalimu amri mbele ya mfalme, na kesho yake More akarudisha muhuri wa ukansela. Nyumbani alilitangaza kwa utani wake uleule. Kawaida misa ikiisha mtumishi wake mmoja alikuwa anaenda kwenye kiti cha Mama Alice kumjulisha kwamba bwana mkubwa ameshaondoka. Safari hii akaenda Thomas mwenyewe, kofia mkononi, akainama na kumwambia mkewe kwamba bwana mkubwa ameondoka. Alice hakuelewa. Alipoelewa, hakucheka.

Mapato yakaanguka. Akawaita watoto wote, akawaeleza kwamba wataishi kwa kushuka ngazi moja moja, na wakifika chini kabisa, basi watazunguka na mifuko yao kuomba, wakiimba Salve Regina milango ya watu, bado wakiwa pamoja. Kuni za kutosha hazikuwepo, kwa hiyo usiku kabla ya kulala walichoma majani makavu sebuleni, wakapata joto kidogo, kila mmoja akakimbilia kitandani.

Mwaka 1533 hakwenda kumtazama Anne akivikwa taji. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya urithi wa kiti, yenye kiapo. Kukubali watoto wa Anne warithi, hilo More aliona Bunge lina mamlaka nalo. Lakini kiapo kilibeba na kuyakana mamlaka ya Papa. Tarehe 13 Aprili 1534 akaitwa Lambeth. Asubuhi hiyo aliungama, akapokea Ekaristi. Siku zote akisafiri, mkewe na watoto walimsindikiza hadi kwenye boti, akawabusu mmoja mmoja. Siku hiyo hakuruhusu mtu. Akavuta geti nyuma yake, akawaacha upande wa ndani, akaingia botini na Roper na watumishi wanne. Alikaa kimya kwa muda mrefu, uso mzito. Kisha akamnong'oneza mkwewe kwamba anamshukuru Mungu, vita ameshashinda. Roper anakiri kwamba wakati ule hakuelewa maana yake, ila aliitikia kwa adabu tu. Nafikiri ilikuwa vita ya lile geti. Angewabusu, pengine asingeondoka.

Alikataa kiapo na hakusema sababu. Tarehe 17 Aprili akaingizwa Mnara wa London.

Familia yake waliapa. Margaret mwenyewe aliapa, akiongeza kwamba ni kwa kadiri sheria ya Mungu inavyoruhusu, na kwa njia hiyo akapata kibali cha kumtembelea baba. Akatumia nafasi hiyo kumsihi. Alileta hoja zote, na msomi aliyefundishwa na baba yake hoja hazimpungukii: maaskofu wameapa, wasomi wameapa, yeye ni nani kuwapita wote? Thomas akamtania, akamwita Hawa, kwamba amekuja kumpa tunda baba yake. Ila hakumkasirikia. Alimjibu kwamba yeye hamhukumu aliyeapa, kila mtu na dhamiri yake, lakini yake yeye haiwezi, na roho yake hawezi kumkabidhi mtu mwingine aibebe. Kati ya mateso yote, yeye mwenyewe aliandika kwamba kusihiwa na binti huyu aliyempenda hivyo kulimuuma kuliko vingine.

Mama Alice alipoingia chumba kile alikuja na moto wake. Mtu mwenye akili kama yeye anakubalije kufungiwa na panya, wakati ana nyumba nzuri, maktaba, bustani, mke na watoto, na anachotakiwa kufanya ni kile maaskofu wote wamefanya? Akamsikiliza, kisha akamuuliza kama nyumba hii haiko karibu na mbinguni sawa na ile ya Chelsea. Alice akatoa mguno wake wa kawaida, kwamba basi, hayo yasikuwe. Kwa haraka tunamwona mke asiyeelewa. Lakini kumbukeni ni nani aliyelipa. Mfungwa alijilipia chakula, na kila wiki Alice alitafuta shilingi 15 kwa ajili ya mumewe na mtumishi wake, akafika mahali pa kuuza nguo zake mwenyewe. Hakuona sababu ya kile kifungo, na bado alilipa.

Tarehe 4 Mei 1535 Wakartusi watatu na wenzao wakatolewa kwenda kunyongwa. Margaret alikuwa kwa baba siku hiyo, wakawaona wote wawili kutoka dirishani. Thomas akamwonyesha binti yake jinsi walivyokwenda kwa furaha kama wanaokwenda harusini. Ni wale ambao karibu awe mmoja wao. Tarehe 22 Juni akauawa Askofu Fisher.

Kesi ya More ikasikilizwa Westminster tarehe 1 Julai, ukumbi uleule alimopigia magoti baba yake. Miongoni mwa majaji walikaa baba yake Anne Boleyn, kaka yake na mjomba wake. Kwa sheria, mtu aliyekaa kimya ni vigumu kumtia hatiani, na More alijua sheria. Ndipo akasimama Richard Rich, akaapa kwamba walipokwenda kuchukua vitabu vya mfungwa walizungumza, na More akakana mamlaka ya Bunge ya kumfanya mfalme kuwa mkuu wa Kanisa. More akakana kusema hivyo, na kumkumbusha Rich kwamba wamefahamiana tangu ujana na sifa ya ulimi wake inajulikana. Watu wawili waliokuwepo chumbani waliulizwa. Wakasema walikuwa wanafunga vitabu, hawakusikia. Baraza la wazee wa mahakama likatoka robo saa tu likarudi na hatia. Sasa, kwa kuwa hakuna cha kulinda tena, More akasema wazi kwamba hakuna bunge linaloweza kutunga sheria kinyume cha Kanisa zima. Akamalizia kwa kuwatakia majaji wake wakutane naye mbinguni kwa furaha, kama Paulo na Stefano.

Akarudishwa Mnarani, shoka limegeuziwa makali upande wake. Margaret alikuwa anangoja gatini. Alipomwona alipasua katikati ya askari na silaha zao, akamrukia shingoni, akambusu bila kusema neno. Baba akambariki. Akaondoka hatua chache, akageuka, akakimbia tena, akamkumbatia mara ya pili. Askari wenyewe walilia.

Tarehe 5 Julai, kwa kipande cha mkaa, akamwandikia barua ya mwisho. Anasema alimpenda kuliko wakati wote pale alipombusu mara ya mwisho, kwa maana anapenda mapendo ya binti yasipopata nafasi ya kuangalia watu watasemaje. Akampelekea na lile shati la singa. Kesho yake, tarehe 6, akapelekwa kilima cha Mnara. Ngazi ya jukwaa ilikuwa inayumba, akamwomba afisa amsaidie kupanda, kushuka atajitegemea mwenyewe.

Kichwa kiliwekwa juu ya daraja la London. Margaret akakipata kabla hakijatupwa mtoni, akakitunza mpaka alipokufa mwaka 1544, nacho kikazikwa pamoja na akina Roper katika kanisa la Mtakatifu Dunstan, Canterbury. Mali ya Chelsea ikachukuliwa, na Mama Alice akaishia kupewa pensheni ya pauni 20 kwa mwaka. John alifungwa kwa muda. Mume wa Cecily, Giles Heron, aliuawa mwaka 1540. Thomas More na Fisher walitangazwa watakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamfanya More msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa.

Yule mtoto wa kulea, Margaret Giggs, alikuwa peke yake kutoka nyumbani aliyekuwepo siku ya kuuawa. Miaka miwili baadaye, Wakartusi wengine walipofungiwa Newgate, wamefungwa kwenye nguzo waachwe wafe kwa njaa, alivaa kama muuza maziwa, akabeba ndoo iliyojaa chakula kichwani, akamhonga mlinzi, akaingia na kuwalisha mmoja mmoja mdomoni na kuwasafisha, mpaka mlinzi alipoogopa akamkataza. Baadaye alikimbia nchi pamoja na mumewe, daktari John Clement, aliyekuwa mwalimu wa watoto wa Chelsea. Alifia uhamishoni Mechelen, mwaka 1570, tarehe 6 Julai.